Mfarishi wa ndege kwa chumba cha kusomea: kanga au kitenge, mkono au cherehani, bundi au mnana?

Vikundi vinavyotaka kushona kitambaa cha ukutani kwa ajili ya maktaba ya watoto huanza na swali moja: tununue kanga au kitenge? Mimi ningeanza kwa kukaa mkekani. Keti pale watoto watakapoketi, utazame ukuta ulio mbele yako, hatua tano hivi. Kitakachosomeka kutoka hapo ndicho kitakachokuamulia kitambaa, njia ya kushona, ndege, na hata kimo cha herufi. Kuna kazi nzuri mno zikiwa mezani, unyoya umetariziwa mmoja mmoja kwa subira ya ajabu, na zikishapandishwa ukutani huoni kitu ila doa la kahawia.

Mfarishi ninaouzungumzia ni wa tabaka mbili au tatu zilizoshonwa pamoja: uso wenye picha, bitana kwa nyuma, na katikati shuka kuukuu au blanketi jepesi. Ukubwa unaofaa kwa chumba cha kawaida ni upande mmoja wa doti ya kanga, yaani mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Zaidi ya hapo utapata shida kuupitisha chini ya cherehani, na kuufua itakuwa kazi ya watu wawili.

Miraba au mandhari moja

Mpangilio uje kabla ya kitambaa. Unaweza kushona mandhari moja, yenye minazi, bahari, paa la nyumba na ndege waliotawanyika. Au unaweza kugawa uso kwa miraba, kila mraba na ndege wake na jina lake, ukasomeka ukurasa baada ya ukurasa.

Mandhari humvutia zaidi mgeni anayeingia mlangoni, hilo silikatai. Tatizo ni kwamba inataka jicho moja la kuisimamia tangu mwanzo hadi mwisho. Wakiishona watu sita, mmoja atatoa mnazi mfupi kuliko kuku na mwingine atatoa yangeyange mkubwa kuliko jahazi. Miraba inagawanyika: darasa la tatu wana wao, walimu wana wao, fundi wa mtaani ana wake, na mwisho mtu mmoja anaiunganisha. Mraba mmoja ukichanika au ukichafuka, unafumuliwa huo tu.

Miraba ina ukoo mkubwa pia. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837, alishona mifarishi ya hadithi ambayo miwili imebaki hadi leo. Wa mwaka 1886 una picha 11 na uko katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Mwingine, wa 1898, una picha 15 na uko Boston. Kila picha ni kisa, nyingi zikiwa za Biblia, na ubatizo wa Yesu umo pamoja na njiwa wake. Maumbo yake ni bapa, makubwa, ya rangi moja au mbili, yamebandikwa juu ya uwanja wa rangi nyingine, na wajuzi wengi wameyafananisha na vitambaa vya kubandika vya makasri ya Abomey, katika nchi ambayo leo ni Benin. Unaweza kusimama mbali ukaelewa nani anafanya nini. Mfarishi wake wa kwanza aliuuza kwa dola 5 akiwa na shida, baada ya kuomba 10.

Nikilazimishwa kuchagua kwa ajili ya shule, nachagua miraba sita, mikubwa, mistari miwili ya mitatu. Kumi na miwili ni mingi: ndege wanakuwa wadogo na majina hayapati nafasi.

Njia ya kushona

Hapa ndipo watu hugombana, kwa hiyo nimeziweka njia nne upande kwa upande kwanza. Kawandi, yaani kushona viraka kwa mkono juu ya tabaka zote kwa pamoja, nitaieleza mbele.

| | Kubandika kwa cherehani | Kawandi, mkono mtupu | Kutarizi | Batiki |
|---|---|---|---|---|
| Vifaa | cherehani, pasi, mkasi mkali | sindano, uzi mnene, mabaki | fremu, nyuzi za rangi | nta, jiko, rangi, beseni |
| Muda | mfupi | mrefu, lakini wa watu wengi | mrefu kupita zote | mfupi, ila wa kungoja kukauka |
| Umbo kwa mbali | wazi kabisa | huchanganyika na uwanja | hupotea | wazi, kingo laini |
| Herufi | nzuri | ngumu | nzuri zikiwa kubwa | hutegemea mkono |
| Ukikosea | unafumua | unafunika kwa kiraka kingine | unafumua kwa machozi | basi tena |

Kubandika kwa cherehani ni hivi: unamchora ndege kwenye karatasi, unamhamishia kwenye kitambaa, unamkata, unampiga bandi mahali pake, yaani mishono mirefu ya muda ya kumshikiza, kisha mshono unamzunguka. Angalizo moja. Cherehani nyeusi ya miguu, ile iliyojaa vibarazani mwetu, hupiga mshono mnyoofu tu, haina zigizaga. Watu wakishajua hilo hukata tamaa wakaenda kutafuta mashine ya umeme. Hakuna haja. Mkate ndege wako ukiacha nusu sentimita ya ziada pande zote, ikunje kwa ndani kwa pasi, kisha pitisha mshono mnyoofu karibu kabisa na ukingo. Penye kona ya ndani, mfano shingoni au chini ya mkia, piga mkato mdogo wa mkasi ili kitambaa kikubali kukunjika. Ndege aliyeshonwa hivi huvumilia kufuliwa kuliko wa zigizaga, kwa sababu ukingo wake mbichi umejificha.

Wapo wanaodhani cherehani ni njia ya mkato na kwamba kazi ya sanaa lazima iwe ya mkono. Powers mwenyewe alitumia vyote viwili, mkono na mashine, tena karne ya kumi na tisa. Mjadala huo ningeuacha.

Kawandi ndiyo njia ninayoipenda zaidi, na ndiyo isiyojulikana sana huku kwetu, ingawa wenye nayo ni jamaa zetu wa mbali. Wasidi wa Karnataka, kusini-magharibi mwa India, ni wazao wa Waafrika waliovushwa bahari katika karne zilizopita, wengine kama watumwa, wengine kama askari na mabaharia. Wanawake wao hushona kawandi kwa mabaki ya nguo zilizochakaa juu ya sari kuukuu. Hawaunganishi viraka kwanza halafu washone tabaka. Huanzia kwenye ukingo, huweka kiraka, hukunja kingo zake, hukishona kwa mishono mirefu myepesi inayopita tabaka zote kwa pamoja, kisha hufuata kingine, wakizunguka pande zote nne na kuingia ndani kidogo kidogo mpaka wakutane katikati. Kwenye pembe hushona vipande vidogo vilivyokunjwa wanavyoviita phula, yaani maua. Kawandi isiyo na maua hayo kwao huhesabiwa haijakamilika.

Kwa kikundi kisicho na umeme wala cherehani, njia hii ni neema. Inataka sindano na uzi, kiraka cha ukubwa wowote kinaingia, na watu wanne wanaweza kuuzunguka mfarishi mmoja, kila mtu na ukingo wake, mazungumzo yakiendelea. Ila kawandi yenyewe haichori picha. Inatoa uwanja wa viraka wenye mistari ya uzi kama mawimbi yanayoingia ndani. Ukitaka ndege juu yake, itabidi ndege huyo awe wa rangi moja, mkubwa, na abandikwe mwisho kabisa. Yangeyange mweupe juu ya kawandi ya rangi za moto anapendeza ajabu. Chiriku hapo usimjaribu.

Kutarizi nakuwekea mpaka: macho, midomo, kucha na miguu, basi. Miguu hasa. Mguu wa ndege ni mwembamba mno kukatwa kwa kitambaa. Ukiukata utajikunja au utatoka mnene wa bata. Tumia uzi mnene mara mbili au tatu. Na kama una mtu aliyezoea kushona kofia za vito, za Lamu au Unguja, mpe yeye macho yote ya ndege wako: vitundu vile vidogo vya kofia, vilivyozungushiwa uzi, vinatoa jicho lililo hai kuliko kishikizo chochote.

Batiki ni nzuri kwa anga na maji, kisha ndege wakabandikwa juu. Kama kazi nzima, inanitia wasiwasi kwa sababu ya watoto: nta ya moto na rangi za beseni si vitu vya kushirikisha darasa zima, na nta ikishatiririka mahali pasipostahili hapana pa kurudi.

Kwa hiyo: fundi mmoja mwenye cherehani na tarehe ya ufunguzi inayokaribia, abandike. Kikundi chenye muda na mabaki mengi, kishone uwanja kwa kawandi na kimwachie mmoja wao ndege. Mtu wa kutarizi peke yake ashone ndege mmoja, amtie kwenye fremu, amtundike karibu na mlango ambako watu hupita karibu.

Kanga, kitenge na vitambaa vya rangi moja

Kanga ni nyepesi. Sindano ya mkono inapita bila kusukumwa, inakunjika vizuri kwenye kona, na pindo lake pana linaweza kukatwa zima likawa fremu ya mfarishi, kazi ya siku nzima ikaokolewa. Ubaya wake ni kwamba hufumuka nyuzi kwenye ukingo uliokatwa, na rangi iko upande mmoja, upande wa pili umefifia. Kitenge ni kizito zaidi, rangi imepenya pande zote mbili, ukingo wake hutulia, na kwa cherehani ni rahisi kukitawala. Kwa mkono, tabaka tatu za kitenge zitakuumiza vidole.

Doti ya kanga ina faida moja ambayo kitenge hakina. Pande zake mbili ni pacha. Upande mmoja ukiutumia mzima kama bitana, wa pili ukaukata kwa ajili ya ndege na pindo, mbele na nyuma ya mfarishi vinakuwa vya ukoo mmoja, na jina la kanga linabaki linasomeka kwa nyuma kwa yeyote atakayefunua. Watoto wanapenda kufunua.

Kabla ya kununua, uliza kama ni pamba tupu. Kanga nyingi za siku hizi zina nyuzi za plastiki ndani yake. Vuta uzi mmoja uuchome: pamba huacha jivu laini, plastiki hujikunja kuwa punje ngumu. Ya plastiki itang'aa vibaya chini ya pasi ya moto na haitakubali kukunjwa. Kisha fua kila kitu kabla ya kukata, hasa nyekundu na nyeusi. Kipande ulichokishuku kilowanishe, kiweke juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi; rangi ikihama, usikiweke jirani na yangeyange.

Lakini kosa kubwa linalofanyika si kati ya kanga na kitenge. Ni kuweka ndege wa maua juu ya uwanja wa maua. Kutoka mkekani huoni ndege wala maua. Kimoja kati ya viwili kiwe cha rangi moja. Ndiyo sababu ningetenga sehemu ya fedha kwa vitambaa ambavyo watu huviona vya kimaskini: marikani na kaniki. Marikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa Unguja na merikebu za Salem, Massachusetts, katika karne ya kumi na tisa na kuacha jina la nchi yake hapa, ina weupe wa maziwa unaopokea kila rangi. Kaniki ni giza, na ndege weupe au wa manjano juu yake hawahitaji msaada. Uwanja wa kaniki na ndege wa kanga au kitenge: mimi ningeishia hapo.

Wapo watakaokushauri ukate ndege waliokwisha kuchapwa. Kitenge cha mbayuwayu kipo, cha jogoo kipo, na kanga zenye tausi hazijawahi kukosekana. Inafanya kazi iwe ya haraka. Ila tausi wa bluu ni ndege wa India, pamoja na kwamba wale wa Ikulu ya Dar es Salaam wamekuwa wenyeji kiasi cha kuonekana wazalendo. Afrika ina tausi wake, anaishi kwenye misitu ya Kongo tu, na wanasayansi walimtambua mwaka 1936. Kama mfarishi ni wa ndege wa kwenu, mbayuwayu wa kuchapwa anakubalika, tausi hapana.

Ndege gani

Tanzania peke yake ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, kwa hiyo kazi hapa ni kukataa. Kipimo changu cha kwanza ni kivuli: mkate ndege kwa karatasi nyeusi, mbandike ukutani, umwite mtoto. Akimtaja bila kuambiwa, ndege amepita.

Kanga wa porini anapita bila mtihani. Mwili wa yai, kichwa kidogo chenye pembe, na kitambaa cheusi chenye vidoti vyeupe unakipata duka lolote. Ukiwa kaskazini mwa Kenya unaye mwingine mzuri zaidi, mwenye kifua cha bluu kali na manyoya marefu ya shingoni yenye michirizi meupe. Huyo anataka vipande vingi zaidi, lakini analipa.

Yangeyange ndiye wa kumpa mtoto au mtu anayeshika sindano mara ya kwanza. Kipande kimoja cheupe, mdomo wa manjano, miguu ya uzi. Hondohondo ana mdomo ambao hakuna anayeukosea, na wala huhitaji kumpaka rangi nyingi. Mbayuwayu ni pembetatu mbili na mkia wa panda. Wengi wao ni wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya, na kwa chumba cha vitabu hilo ni somo la jiografia la bure. Heroe, ambaye wengi humwita flamingo, mweke kama uko Arusha, Nakuru au Bogoria. Ziwa Natron ndilo kitalu kikuu cha heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Kumtundika Mtwara kwa sababu tu ni wa waridi ni kuiga kalenda.

Kunguru nao wanahitaji neno. Kila mtoto wa mjini anawajua, na umbo lao ni rahisi. Lakini wapo wawili. Yule mwenye shingo ya kijivu si wa hapa: aliletwa Unguja miaka ya 1890 toka India ili ale taka, akaenea mwambao wote, na anajulikana kwa kuvamia viota vya wengine. Wa asili ni yule mweusi mwenye kifua na kola nyeupe. Vipande viwili vya kitambaa tu, na tayari umewafundisha watoto kuwatofautisha.

Sasa bundi. Picha za maktaba kutoka ng'ambo zimejaa bundi, mara nyingi amevaa miwani, kwa kuwa huko amefanywa ishara ya hekima. Kwetu, wazee wengi wakisikia bundi juu ya paa hawalali. Ukimweka bundi katikati ya chumba cha watoto, jiandae kwa bibi atakayemkataza mjukuu wake asikanyage hapo, na si haki kumcheka bibi huyo. Kwa upande mwingine, mwambao una bundi wa kujivunia. Yule mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, ana sentimita 15 hadi 17 tu, anapatikana msituni humo na kwenye mabonde ya Usambara Mashariki, na anakuja kwa rangi tatu, ya kijivu, ya kahawia na ya kutu. Pemba nayo ina bundi wake mdogo asiyeishi kwingine duniani. Ningefanya hivi: mahali ambapo watu wameuzoea msitu na waongozaji watalii wake, kama Gede, jirani na Arabuko-Sokoke, au Ngezi, kule Pemba, bundi aingie, awe mdogo na wa kweli, bila miwani. Mahali pengine, waulize wazee kwanza, na wakisita mwache. Zipo aina elfu moja na zaidi za kuchagua.

Anayestahili nafasi ya katikati, kwa maoni yangu, ni mnana. Kwanza kila mtu kamwona, minazini au kwenye mti wa uani. Pili ni wa manjano, na manjano juu ya kaniki huonekana hata kutoka nje ya dirisha. Tatu kuna kiota. Dume husuka kwa majani marefu aliyoyachana kwa mdomo, akifunga na kupitisha, kisha hujining'iniza chini yake na kupiga kelele mpaka jike aje kukagua. Akikataliwa, mara nyingi hukibomoa aanze upya. Kiota hicho unaweza kukisuka kweli kweli: chana pindo za kanga kuwa nyuzi pana, zisuke kwa vidole juu ya mfarishi, zishikize pembeni. Kinatokeza nje ya kitambaa, kidole cha mtoto kinaingia.

Kilifi wana mnana wao pekee, asiyepatikana nje ya kaunti hiyo. Wanasayansi walimwandika mwaka 1913, na kiota chake kikaja kugunduliwa mwaka 2013 kwenye kinamasi cha Dakatcha. Kama mfarishi wako utaning'inia Malindi au Watamu na hauna ndege huyo, nitauliza kwa nini.

Chozi, ndege wa maua, nimemwacha kwa makusudi. Ni mzuri, lakini uzuri wake ni wa kung'aa, na mng'ao hauonekani kwa hatua tano. Huyo ni wa fremu ya mlangoni niliyoitaja.

Maneno

Kama ndege wamebeba macho, maneno ndiyo sababu mfarishi uko kwenye chumba cha kusomea na si sebuleni. Chaguo la kwanza linalokuja kichwani ni kukata jina la kanga na kulishona zima. Ni la haraka, ni letu, na linapendeza. Lakini soma kabla ya kukata. Kanga nyingi zimesemwa na wake wenza na majirani. "Usisafirie nyota ya mwenzio" ni neno zito kumtundikia mtoto wa miaka sita. Halafu majina hayo huchapwa kwa herufi kubwa tupu, wakati mtoto wa darasa la kwanza anafundishwa herufi ndogo. Methali ya kanga ikae pindoni, kwa walimu na wazazi.

Kwa watoto, jina la ndege chini ya ndege linatosha. Wanaoanza kusoma hufundishwa silabi, ba be bi bo bu, na ndege wetu wamejaliwa majina ya kusomeka hivyo: hondohondo, yangeyange, tipitipi. Mtoto akishaweza nusu ya kwanza, nusu ya pili anaipata bure, anajiona msomaji. Tipitipi asiyemjua kwa sura anamjua kwa sauti, yule anayebubujika kabla ya mvua. Mweke, hata kama umbo lake si la kipekee.

Herufi zishonwe vipi? Kukata herufi kwenye kitambaa ni kazi ya kuudhi, hasa a, e, o na b zenye tundu ndani. Njia bora ni utepe uliokatwa mshazari: kata kitambaa kwa pembe, upana wa sentimita tatu, kunja pande zote mbili ndani kwa pasi, na utepe huo utapinda kufuata chaki yako bila kukunjamana. Mshono mmoja kila upande. Mwili wa herufi, yaani kimo cha a au o, usipungue sentimita sita. Rangi iwe nyeupe juu ya kaniki au nyeusi juu ya marikani. Nyekundu juu ya kahawia inasomeka kwa aliyeishona peke yake. Rangi ya kitambaa ya kupaka kwa brashi ni rahisi zaidi na kwa shule yenye haraka siikatazi, ila baada ya kufuliwa mara kadhaa huanza kupasuka.

Na ndege wasishike vitabu, tafadhali. Ndege mwenye kitabu ni mzaha unaochosha baada ya wiki. Ukitaka kuonyesha kusoma, weka mtoto anayesoma kwenye mraba mmoja, dirisha wazi, ndege kwenye kizingiti. Au usionyeshe chochote, maana chumba kizima kinafanya kazi hiyo.

Tumbo, mifuko na kuning'iniza

Mwambao, weka shuka kuukuu katikati, si blanketi. Unyevu ukishaingia kwenye tumbo nene huleta ukungu wenye harufu isiyotoka. Lushoto au Njombe, blanketi jepesi linafaa na mishono inajitokeza vizuri zaidi. Usitumie gundi ya wanga popote; ukiitumia, mende watakushukuru. Usiubandike ukutani moja kwa moja: shona mfereji wa kitambaa nyuma, juu, pitisha ufito, uache nafasi ya hewa. Penye mchwa, badala ya ufito tumia bomba la plastiki la nyaya za umeme. Dirisha lisielekee mfarishi, kwa kuwa jua la saa kumi hula nyekundu kwanza.

Mwisho kuna suala la mifuko. Mfarishi wa kutazamwa tu ni mwepesi na hudumu. Mfarishi wenye mifuko ya vitabu huguswa kila siku, huchafuka na huvutwa, lakini watoto husimama mbele yake wakachagua, na hapo mimi sina ubishi. Ukiamua kuweka mifuko, usiishone kwa kanga. Nenda kwenye mitumba, nunua jinzi zilizochoka magoti, zikate mifuko ya nyuma pamoja na kipande chake cha kitambaa, uibandike kwenye mstari wa chini, mshono mara mbili. Mstari wa chini tu, ili mtoto aufikie na uzito usivute ndege. Humo viingie vijitabu vyembamba vya hadithi. Kamusi na atlasi zibaki rafuni.